Mwimbaji Kafungwa, Wimbo Je?

Jioni ikiingia Biryogo, upande wa Nyamirambo, magari hayapiti. Barabara imepakwa rangi za kila namna, meza zimetoka migahawani hadi katikati ya njia, na juu ya friji la soda kuna spika inayoruka wimbo hadi wimbo kwa matakwa ya aliyeshika simu. Huu ni mtaa uliokuwa ukizungumza Kiswahili miaka mingi kabla bunge la Rwanda halijakipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Ubishi wa muziki hapa huanza kwa Kinyarwanda, hupamba moto kwa Kiswahili, na mara nyingine humalizikia kwa Kifaransa.

Wabishi wana mizani yao. Kuanzia 2011 hadi 2018 Rwanda ilikuwa na shindano la Primus Guma Guma Super Star, na kila taji lake liliacha maneno nyuma: Tom Close wa kwanza, King James akafuata, halafu Riderman, Jay Polly, Knowless, Urban Boys, Dream Boys, mpaka Bruce Melodie aliyefunga dimba. Shindano limekufa, ubishi haujafa. Anayempenda The Ben hataki kusikia habari za Bruce Melodie. Aliyekulia kwenye nyimbo za Orchestre Impala anawaona wote hao watoto wa juzi, na kwake karahanyuze, yaani zilipendwa, ndiyo muziki wenyewe. Zilizobaki ni kelele za kompyuta. Aliyeishiwa hoja hukimbilia kinga ya mashabiki wote duniani: kila ndege huruka kwa bawa lake, mwacheni mtu na anachokipenda.

Lipo jina moja, hata hivyo, lisilowekwa kwenye orodha ya bora wa nyakati zote, si na wazee wala na vijana. Halijasahaulika. Simon Bikindi alikuwa miongoni mwa waimbaji mashuhuri kabisa wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtunzi aliyechanganya ngoma za jadi na midundo ya kisasa, kiongozi wa kundi la ngoma la Irindiro. Nyimbo zake zilijulikana nchi nzima. Leo redio za Kigali hazizipigi, na hakuna anayemtetea kwa kusema kwamba ladha haina mjadala.

Kama ladha ni mali ya mtu binafsi, kimya hicho kinatoka wapi?

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliligusa swali hilo katika insha yake juu ya kipimo cha ladha, iliyochapishwa mwaka 1757. Alianzia pale pale wanapoanzia mashabiki wa Biryogo, kwamba kila mtu na ulimi wake, kisha akakataa kuishia hapo. Alikumbusha kisa kilichomo katika Don Quixote. Ndugu wawili waliitwa kuonja divai ya pipa moja. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila ina kaladha ka ngozi. Wa pili akasema ni nzuri, ila anaonja chuma. Watu wakawacheka. Pipa lilipomiminwa likaisha, chini kabisa ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kikanda cha ngozi.

Hume alitaka kuonyesha kwamba ulimi makini hausemi ovyo. Kitu alichokionja kimo pipani kweli. Mwishoni mwa insha hiyo hiyo aliongeza jambo ambalo mashabiki wengi wangependa kuliruka. Kazi ya sanaa inayosifia uovu bila kuulaumu, alisema, imeharibika kama kazi ya sanaa pia. Mchafuko huo wa kimaadili ni kasoro kamili, kama sauti iliyokwenda nje ya ufunguo. Yeye mwenyewe hakuweza kuufurahia ushairi wa namna hiyo hata aliposamehe zama za mtunzi.

Wanyarwanda walilazimika kulimwaga pipa lao mbele ya majaji.

Bikindi alikamatwa Leiden, Uholanzi, mwezi wa Julai 2001, akapelekwa Arusha kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 2006. Nyimbo tatu ndizo zilizokuwa katikati ya mashtaka: Twasezereye, iliyohusishwa na sherehe za miaka 25 ya uhuru mwaka 1987, Nanga Abahutu, na Bene Sebahinzi. Kwa siku nyingi majaji walifanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na wahakiki wa magazeti. Waliwasikiliza wataalamu wa lugha wakibishana juu ya fumbo, methali, jina la mhusika na maana iliyojificha nyuma ya kisa cha zamani. Kinyarwanda cha nyimbo hupenda kuzunguka, na mzunguko huo ukawa ushahidi. Mwimbaji anapotaja Sebahinzi, baba wa wakulima, je, anahadithia au anaita? Anayeonya juu ya kurudi kwa utumwa wa kale, anafundisha historia au anamnyooshea jirani kidole?

Hukumu ilitoka tarehe 2 Desemba 2008. Majaji walikubali kwamba nyimbo zile zilipotosha historia ya Rwanda ili kuwatukuza Wahutu, na kwamba mbili kati yake, Nanga Abahutu na Bene Sebahinzi, zilitungwa kwa nia ya kueneza propaganda dhidi ya Watutsi. Walikubali pia kwamba mwaka 1994 nyimbo hizo zilitumika katika kampeni ya kuwachochea watu kuua. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, ilizipiga. Hata hivyo Bikindi hakutiwa hatiani kwa nyimbo. Zilikuwa zimetungwa kabla ya 1994, na haikuthibitishwa kwamba yeye ndiye aliyeamua zipigwe redioni wakati wa mauaji. Wiki za mwanzo za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hakuwa hata nchini.

Kilichomfunga kilikuwa kipaza sauti.

Mwishoni mwa Juni 1994, kwenye barabara kati ya Kivumu na Kayove, katika mkoa wa Gisenyi wa wakati huo, Bikindi alipita na msafara wa wanamgambo wa Interahamwe. Gari lilikuwa na vipaza sauti, na vipaza sauti hivyo vilikuwa vikipiga muziki, nyimbo zake zikiwamo. Katika vipaza sauti hivyo hivyo akazungumza, akiwahimiza watu wawamalize Watutsi. Mahakama ikampa kifungo cha miaka 15, na Machi 2010 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha adhabu hiyo. Alifariki Desemba 2018 nchini Benin, alikokuwa ametumikia kifungo.

Inafaa kulisogelea gari lile. Vipaza sauti ni vile vile, barabara ni moja, sauti ni ya mtu mmoja. Wimbo unapigwa, unasimama, mtu anasema, wimbo unaendelea. Sheria imekata pale pale, baina ya noti ya mwisho na neno la kwanza: hili ni kosa la jinai, lile si kosa. Kwa mwanasheria mkato huo ni lazima, maana bila nia kuthibitishwa na bila kitendo cha wakati husika hakuna hatia, na mahakama inayofunga watunzi kwa matumizi ya nyimbo zao ingejaza magereza duniani. Aliyekuwa amejificha vichakani kando ya barabara ile angewezaje kuusikia mkato huo?

Shabiki wa muziki hupenda kujitetea kwa njia inayofanana na ile ya wakili. Mimi napenda mdundo tu, husema; maneno siyasikilizi. Au: mimi nauhukumu wimbo, simhukumu mtu. Mwaka 1967 Roland Barthes, mhakiki wa Ufaransa, alilipa wazo hilo heshima ya kifalsafa alipotangaza kifo cha mwandishi, kwamba maandishi yakishatoka ni ya msomaji. Kote Afrika Mashariki, watoto wameimba wimbo wa R. Kelly wa kuruka angani kwenye mahafali ya shule, wazazi wakatoa machozi, na hukumu ya miaka 30 aliyopewa Marekani mwaka 2022 haikuwafanya wazazi hao wajione wamedanganywa. Machozi yalikuwa ya mtoto, hayakuwa ya mwimbaji.

Lakini kama wimbo ni wa msikilizaji, basi msikilizaji ndiye wa kuulizwa. Swali hilo wanadini walilichukua kwa uzito kuliko wahakiki.

Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, alikiri katika kitabu cha 10 cha Maungamo kwamba nyimbo za kanisani zilimpa shida. Alizipenda mno. Alijikamata akiguswa zaidi na sauti kuliko na kinachoimbwa, na kila ilipotokea hivyo alijiona ametenda dhambi, akatamani asingemsikia mwimbaji kabisa. Kisha akakumbuka machozi aliyoyatoa siku za mwanzo za imani yake, akakubali kwamba uimbaji una faida. Alibaki akiyumba kati ya hatari ya raha na faida aliyoijua, na hakuficha kuyumba kwake.

Shida ya Augustino inaonekana kila Krismasi mjini Kigali. Tangu mwaka 2022 Israel Mbonyi amekuwa akiujaza ukumbi wa BK Arena usiku wa tarehe 25 Desemba kwa tamasha lake la Icyambu, nyimbo za injili tupu, taa na ngoma na kwaya nyuma yake. Mwaka 2023 alitoa Nina Siri, wimbo wa Kiswahili, nao ukavuka mipaka kwa kasi: Nairobi, Dar es Salaam, Goma, kwenye matatu, saluni, harusini, na baa pia, chupa zikiwa mezani. Mashabiki wa injili wana ubishi wao juu ya hili. Mmoja anasema neno la Mungu likifika baa limefanya kazi yake. Mwingine anauliza kama anayeimba kwa mikono juu anamwabudu Mungu au anaiabudu sauti ya Mbonyi. Walio wengi, kama Augustino, hawajui, na wimbo ukianza hawajiulizi.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbele zaidi. Katika Ihya' Ulum al-Din aliweka kitabu kizima juu ya adabu za kusikiliza, akaeleza kwamba usikilizaji hauutii moyo kitu ambacho hakimo, bali hukitikisa kilichomo. Kwa mwenye kumpenda Mungu wimbo ni kuni za moto mzuri; kwa mwenye tamaa mbaya ni kuni hizo hizo kwenye moto mwingine. Hakusema basi wimbo wowote ni halali. Alihesabu mambo matano yanayoweza kuharibu usikilizaji, na miongoni mwake yamo hali ya anayeimba, yaliyomo katika shairi na hali ya anayesikia. Akanukuu pia kauli ya Junayd wa Baghdad kwamba kusikiliza kunahitaji vitu vitatu: wakati, mahali na wenzi.

Wakati, mahali na wenzi. Wapenzi wa kasida wa Biryogo wangeielewa kauli hiyo bila tafsiri. Nayo inamnyima shabiki kinga yake, maana inamwambia kwamba hakuna anayesikiliza peke yake ukumbini. Maoni juu ya wimbo hayakai kichwani mwa mtu kama noti ya benki mfukoni. Yanatamkwa, yanapigwa kwenye spika, na kuna aliyekaa meza ya pili.

Kabla ya kuifuata njia hiyo, kuna njia mbili za mkato zinazowavutia wengi, na Kigali imezijaribu zote mbili.

Ya kwanza ni kupima wimbo kwa utakatifu wa mtu. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi aliyezaliwa mwaka 1935, mwanzilishi wa kundi la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa nyumbani kwake Kigali tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza kabisa ya mauaji ya kimbari, pamoja na mkewe Daphrose na watoto wao sita. Walikuwa wamekesha wakiabudu Ekaristi Takatifu. Mwaka 2015 Jimbo Kuu la Kigali lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri. Katika michakato ya namna hii Kanisa huwakabidhi wanateolojia maandishi yaliyochapishwa ya mhusika wayapitie, waone kama yanapingana na imani. Ni ajabu ya historia ya nchi hii ndogo: ndani ya miaka michache, majaji wa Arusha na wanateolojia wa Kanisa wote walikuwa na kazi ya kuzipima tungo za msanii wa Kinyarwanda mstari kwa mstari, majaji wakitafuta hatia, wanateolojia wakitafuta utakatifu.

Ila Rugamba hakuzaliwa mtakatifu. Akiwa kijana aliiacha imani, ndoa yake ikayumba, na alirudi kwa Mungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa mtu mzima mwenye jina. Baadhi ya tungo zilizompa jina hilo ni za kipindi cha kutoamini. Je, ziliongezeka uzuri siku alipotubu? Zikaongezeka tena siku alipouawa? Mwenye kusema ndiyo amekubali kwamba sikio linaweza kuhongwa na wasifu wa mtu. Mwenye kusema hapana atapata taabu kueleza kwa nini ngoma ile ile, ikipigwa leo mbele ya wanaojua kilichotokea nyumbani kwake, humfanya mtu atulize kikombe chake mezani. Noti ni zile zile. Kilichobadilika ni wakati, na waliokaa pamoja.

Njia ya pili ya mkato ni kuiachia serikali au mahakama iamue. Kizito Mihigo alizaliwa Kibeho mwaka 1981, akanusurika mauaji ya kimbari, akasomea muziki Paris, akawa mpiga kinanda na mtunzi wa nyimbo za liturujia zilizoimbwa na kwaya za Kikatoliki nchini. Nyimbo zake za Kwibuka, kumbukumbu ya kila mwaka ya mauaji hayo, zilikuwa sehemu ya Aprili ya kila Mnyarwanda. Machi 2014 alitoa Igisobanuro cy'urupfu, yaani maana ya kifo, wimbo uliowagusa pia waliokufa vifo vingine visivyoitwa mauaji ya kimbari. Aprili mwaka huo alikamatwa. Februari 2015 alihukumiwa miaka 10 kwa kula njama dhidi ya serikali. Septemba 2018 akatoka kwa msamaha wa rais. Februari 2020 alikamatwa tena karibu na mpaka wa Burundi, na tarehe 17 mwezi huo akakutwa amefariki katika mahabusu ya polisi Kigali. Polisi walisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yalitaka uchunguzi huru.

Mwanakwaya aliyekuwa ameikariri zaburi ya Kizito alikuwa na mambo mawili kifuani Jumapili iliyofuata hukumu ya 2015: jina la mtu aliyetiwa hatiani, na zaburi ambayo haikushtakiwa na mtu yeyote. Arusha ilimfunga mwimbaji bila kuzifunga nyimbo zilizosaidia kuua. Kigali ilimfunga mwimbaji ambaye nyimbo zake za Misa hazikuwa hata na faili. Anayengoja hukumu ndipo ajue la kusikiliza, atakuta hukumu zinajibu swali jingine.

Kuna hata waimbaji wanaozihukumu nyimbo zao wenyewe. Meddy, aliyewaimbisha vijana wa Rwanda na Afrika Mashariki wimbo wa mapenzi Slowly mwaka 2017, ameiacha miziki ya aina hiyo akageukia kumwimbia Mungu. Tanzania ilishayaona haya kwa Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, kiongozi wa Super Matimila. Wimbo wake wa kuhimiza matumizi ya kondomu, Mambo kwa Soksi, Radio Tanzania iliukataa, mitaa ikaupokea. Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010, aliokoka na kuimba injili. Mashabiki waliheshimu toba yake na kuendelea kucheza dansi lake la zamani. Mwimbaji ana haki ya kuukana wimbo, ila hana uwezo wa kuwarudisha waliokwisha kuingia uwanjani.

Kwa hiyo utakatifu hautoshi, hukumu haitoshi, hata kauli ya mwenye wimbo haitoshi. Linabaki lile la Junayd.

Tarehe 7 Julai 2001 Daniel Barenboim aliiongoza orkesta ya Staatskapelle ya Berlin kwenye tamasha la Jerusalem. Muziki wa Richard Wagner, mtunzi wa Kijerumani aliyewachukia Wayahudi na kupendwa na Hitler, kwa desturi haukuwa ukipigwa hadharani na orkesta za huko tangu 1938. Hakuna sheria iliyoukataza. Ni manusura wa mauaji ya Hitler waliokuwa wakiishi mtaa mmoja na wanamuziki. Tamasha lilimwomba Barenboim auondoe kwenye programu, naye akauondoa. Programu ilipokwisha akageuka, akazungumza na ukumbi kwa Kiebrania, akauliza kama wangependa kuusikia kama nyongeza, na asiyetaka awe huru kuondoka. Watu walibishana takriban nusu saa. Wengine wakaondoka, baadhi wakiibamiza milango. Waliobaki, ambao ndio waliokuwa wengi, wakaupigia makofi.

Barenboim alilaumiwa, na sababu za kumlaumu zipo. Ila alichokifanya hakifanywi na shabiki anayesema kila mtu na ladha yake, wala na afisa anayepiga marufuku. Aliwatazama waliokuwamo ukumbini, akawauliza. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hiyo haisemi lolote juu ya ubora wa kisu kilichomkata. Inazungumzia ngozi, na inamtaka mtu ajue amekaa karibu na nani.

Mpinzani atasema hapo: basi kila aliyekereka amepewa rungu la kuzima spika ya mwenzake. Hoja hiyo haidharauliki katika jiji ambalo mwaka 2018 lilifunga makanisa zaidi ya 700, kelele zikiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na ambako mwaka huo huo misikiti ya Nyarugenge iliambiwa iache kuadhini kwa vipaza sauti. Jirani anaweza kuwa dhalimu. Lakini kukereka na kujeruhiwa ni vitu viwili, na watu wa mtaa mmoja kwa kawaida wanavitofautisha bila msaada wa karani. Anayechukia Bruce Melodie kwa sababu anampenda The Ben amekereka. Mjane ambaye alisikia Nanga Abahutu redioni wiki mume wake alipotafutwa hana ubishi wa ladha na mtu. Hata akiwa mmoja kati ya wateja arobaini, uzito wake hauhesabiwi kwa kura kama Guma Guma.

Inabaki simu na spika za masikioni. Nyimbo za Bikindi zipo mtandaoni, na kijana aliyezaliwa baada ya 2000 anaweza kuzitafuta usiku, kwa udadisi wa mtafiti au kwa sababu nyingine. Hapo hakuna meza ya pili, na swali la jirani halina wa kuliuliza. Linarudi swali la al-Ghazali, ambalo halijibiwi kwa niaba ya mtu: kilichotikisika ni nini? Huenda ni hofu, huenda ni hasira ya kihistoria, huenda kweli ni mdundo tu. Wale ndugu wawili wa kisa cha Don Quixote walijua wameonja ngozi na chuma kabla ya kuuona ufunguo. Anayeonja na kusema divai ni tamu, basi, anajieleza yeye zaidi ya anavyolieleza pipa.

Tarehe 6 Aprili jioni, wenye migahawa ya Kigali hubadili muziki. Kuanzia siku inayofuata ni wiki ya Kwibuka: matamasha yanasimama, kumbi za starehe zinafungwa, na redio zinapiga nyimbo za maombolezo, za Munyanshoza Dieudonné na wengine wa kazi hiyo, sauti nzito zisizo na haraka. Huko Biryogo chai inaendelea kumiminwa, wateja ni wachache, na mtu haulizi nani bora kuliko nani. Wiki inafungwa tarehe 13 kwenye makaburi ya Rebero. Siku mia za kumbukumbu zinaendelea hadi Julai, ila kazi zinarudi, na mapema au baadaye aliyeshika simu mgahawani anatakiwa kuchagua wimbo wa kwanza.

Hachagui haraka. Anapitisha kidole kwenye orodha, anaiacha Slowly, anaiacha Impala. Mzee wa kona ya dirisha, ambaye hukaa peke yake kila Aprili, bado hajamaliza chai yake. Kijana anapunguza sauti kabla hata ya kubonyeza, halafu anamtazama.